Kiwiko Kimegoma, Lawama Zangu

Ukivunjika mkono, wanakufunga hogo mpaka karibu na kwapa na kukuamuru: "Huu usitikisike kabisa!" Mtu mzima unatii. Siku ya kulifungua, mkono umenyauka, kiwiko kimekwama digrii 90, na walewale wanakukunjia uso: "Mzee, mbona umeuacha ukakakamaa hivi?"

Nimeukakamaza mimi?

Sasa tonge la ugali linaishia kidevuni, inabidi kichwa ndicho kishuke kulifuata. Kwenye daladala konda akidai nauli, mkono haunyooki, abiria wananiona bahili.

Kijana wa mazoezi ya viungo alinieleza taratibu: kiungo kikikaa bila kazi, mfuko unaokizunguka hunywea na kukaza, nyuzi zake hushikana, na misuli husinyaa. Dawa? Mashine ya mawimbi ya mshtuko. Kumbe ni ya ukoo mmoja na ile iliyoanza kuwavunjia watu mawe ya figo kule Munich, Ujerumani, mwaka 1980. Walioitengeneza ile, Dornier, walikuwa watu wa ndege. Mimi sina jiwe, wala sisafiri.

Akanipaka jeli, akanigusisha bomba. Ndani yake hewa iliyobanwa inarusha kipande cha chuma kinachogonga ncha, ta-ta-ta-ta, mapigo 2,000 kwa kikao. Fundi bati kahamia kiwikoni! "Baba, unasikia maumivu?" Swali gani hilo?

Nikamuuliza kama kweli inasaidia. Alikuwa mkweli: inaaminika zaidi kwa kisigino kinachouma na bega lenye chokaa. Kiungo kilichokakamaa baada ya hogo bado kinachunguzwa. "Kwa hiyo, baba, ukifika nyumbani kunja, nyoosha, kunja, nyoosha. Asubuhi, mchana, jioni. Mashine haikufanyii hilo."

Yaani kukunja nikunje mimi, kunyoosha ninyooshe mimi, na bili ya mashine nilipe mimi. Mama watoto ndiye amepata cheo: anasimamia zoezi huku anachambua mchele, na nikiguna anasema kinachohitaji hogo ni mdomo.

Wafungaji hogo, nina ombi. Andikeni palepale juu yake kwa kalamu: vidole na bega vichezeshwe kuanzia leo, kiwiko kisilale humu hata siku moja ya ziada. Kalamu ni rahisi kuliko mashine. Na msiniambie nafasi haitoshi. Kwenye langu watoto wa jirani walichora jogoo mzima, na mkia wake.