Wewe ni wa Wapi? Riwaya Sita, Kutoka ya Sita Hadi ya Kwanza

Pale Juru, kanda mojawapo ya makazi yetu ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwenye kibanda cha kuchajia simu, kila simu hubandikwa kikaratasi chenye namba isije ikachukuliwa na mwingine. Watu nao huku Nakivale tuna vikaratasi vyetu: Mkongo, Mrundi, Msomali, Mnyarwanda. Kikaratasi hutaja nchi, kikaishia hapo. Nchi yenyewe inathamini nini, na ilimfukuza nani? Hayo waulize waandishi wa riwaya. Nahesabu kutoka chini kwenda juu. Asiyekubali mpangilio wangu tukutane kibandani.

6. The Great Gatsby, F. Scott Fitzgerald (1925). James Gatz, mtoto wa wakulima maskini, anajipa jina jipya, anatajirika, anafanya karamu za kufa mtu, na bado matajiri wa jadi wanamwona wa kuja. Wenye prosesi ya kuhamishiwa Marekani, someni kabla ya kufunga mizigo.

5. The Grapes of Wrath, John Steinbeck (1939). Ukame, vumbi na madeni vinaing'oa familia ya Joad huko Oklahoma. Inapakia vyote kwenye lori kuelekea California. Hawajatoka nje ya nchi yao, lakini wanatukanwa na kufukuzwa kama wageni. Aliyewahi kupanga sufuria, godoro na bibi kwenye gari moja hahitaji mwalimu wa kumfafanulia kitabu hiki.

4. Petit Pays, Gaël Faye (2016). Bujumbura, miaka ya 1990. Mtoto wa baba Mfaransa na mama mkimbizi wa Rwanda anataka kujua kwa nini watu wanapigana; anajibiwa habari za pua. Pua! Kiungo cha kupatia mafua ndicho kimepewa kazi ya kugawa taifa. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu, nikatembea kidogo, ndipo nikaendelea.

3. Maps, Nuruddin Farah (1986). Askar, yatima wa Kisomali wa Ogaden, analelewa na Misra, mwanamke wa Ethiopia. Inakuja vita ya 1977, na sasa ramani inamtaka kijana amkane mlezi wake. Ramani haijawahi kumbeba mtoto mgongoni. Misra alimbeba.

2. The Beautiful Things That Heaven Bears, Dinaw Mengestu (2007). Mwandishi alizaliwa Addis Ababa, akakulia Marekani. Sepha, aliyeikimbia Ethiopia ya mapinduzi, ana kiduka Washington, na jioni hukaa na rafiki zake wawili, Mkenya na Mkongo. Wana mchezo wao: mmoja anamtaja dikteta wa Afrika, wengine wanataja nchi na mwaka aliopindua serikali. Mchezo huo ukiletwa Juru tutakesha! Mkongo ataanza na Mobutu, Mrundi atafuata na Micombero, na kabla Msomali hajamaliza kumtamka Siad Barre, mwenyeji wetu Mganda atakuwa ameshatukumbusha Januari 25, 1971, siku Amin alipopindua serikali. Lakini kinachonirudisha kwenye riwaya hii ni mtaa wa Sepha. Wenye pesa wanaanza kuununua, wapangaji weusi wanatolewa nyumbani mwao, na mkimbizi anasimama mlangoni pa duka lake akiwatazama wenyeji wakigeuzwa wakimbizi.

1. Kusadikika, Shaaban Robert (1951). Mtasema nimekipendelea Kiswahili. Nimekipendelea, tena sana. Kusadikika ni nchi inayoelea angani. Haimo kwenye ramani ya yeyote, kwa hiyo sote tuna haki ya uraia wake. Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha watu sheria. Anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita za ulimwengu kutafuta mema ya nchi nyingine. Kila aliyerudi nayo alitupwa gerezani. Na kitabu hiki kilichapwa Tanganyika ikiwa bado mikononi mwa Waingereza! Wenzake hapo juu wanauliza nchi inampokea nani. Shaaban anauliza nchi inamfanyaje mwanawe anayerudi na ujuzi. Juru ina mafundi, walimu na wauguzi waliojifunza mengi ugenini, na wengi wao wanataka kurudi.

Karama anashinda kesi, na wale sita wanafunguliwa. Ni kitabu chembamba, mchana mmoja unakitosha. Ukienda Mbarara kitafute. Ukikipata, kipitishe kanda za jirani, Rubondo na Base Camp, kisha kirudi Juru.