Paja la Mgeni Rasmi

Kagugu, Kigali

Shangazi, shikamoo. Mjomba, shikamoo. Nanyi nyote wa Chumbageni, Tanga, mtakaosomewa barua hii barazani, hamjambo. Dhumuni la barua hii ni kwanza kuwajulia hali, pili kuwajulisha kwamba mimi ni mzima wa afya. Hilo la pili msilipite haraka kama tulivyozoea. Mwezi uliopita, kwenye ua tunaoishi, ni mimi na watoto wadogo tu tuliokuwa na haki ya kuliandika.

Nimeona kwenye kundi la familia kwamba kamati ya harusi ya mdogo wangu imepitisha azimio: kuku 60 wachemshwe nusunusu Ijumaa usiku, kisha wamaliziwe kukaangwa Jumamosi mchana, ili wapishi nao wapate kulala. Kabla hamjanunua mkaa, naomba nisikilizwe.

Ua wetu una nyumba nne ndani ya ukuta mmoja. Mwenyeji wetu ni mzee wa Kinyarwanda aliyestaafu. Kuna mwalimu wa Kenya na mkewe, kuna fundi magari kutoka Goma, kuna mhasibu Mgujarati ambaye hajaonja nyama tangu azaliwe, halafu niko mimi chumba cha uani. Kinyarwanda changu bado kinatambaa, lakini Kiswahili humu ndani kiko cha aina tatu, na sahani zikishafika zote tunaelewana.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi hapa Rwanda ni umuganda. Kuanzia saa 2 asubuhi mpaka saa 5 mtaa mzima uko nje unafyeka, unazibua mitaro, unapanda miti. Maduka yamefungwa, barabara zimetulia, na kazi ikiisha kuna kikao cha mtaa. Mgeni hakokotwi, ila ukijifungia ndani utamsikia jirani akikuulizia getini kwa upole ambao ni mzito kuliko pingu.

Sasa mwalimu alikuwa amefikiwa na baba mkwe wake kutoka Kakamega, na ikakubaliwa kwamba tukitoka umuganda mzee achomewe kuku. Walinunuliwa kuku wanne wa kizungu Ijumaa usiku, wamegandishwa jiwe, wakaingia friza. Asubuhi kila mtu alikuwa na jembe au fyekeo. Nani angekumbuka kuwatoa? Walitoka saa 6. Saa 7 mzee alikuwa ameshaketi, kofia ameiweka gotini. Fundi wa Goma, aliyejiteua mkuu wa jiko, akatangaza kwamba barafu ni maji tu, na moto haujawahi kuogopa maji. Akawakata kwa panga juu ya kibao cha jikoni, maana kisu kiliteleza, akawamwaga kwenye pipa lililopasuliwa lenye mkaa wa kutisha. Moshi ulionekana mpaka mtaa wa Gacuriro.

Baada ya nusu saa hivi ngozi ilikuwa nyeusi, inang'aa mafuta, na harufu yake ilikuwa ya kumtoa mtu kwenye swala. Nilisimama karibu nimeshika sinia. Fundi akapasua paja moja ili ajisifu. Nyama ya juu ilifuka moshi vizuri. Chini yake ilikuwa ya waridi, laini, ina mng'ao wa nailoni, na pale kwenye kiungo palikuwa na chembe mbili tatu za barafu ambazo bado hazijapewa taarifa kwamba kuna moto. Nikasema. Nikajibiwa kwamba vijana wa Tanga wanajua samaki. Paja likafumbwa, likamwagiwa ndimu na akabanga, likapelekwa mezani.

Mnajua wenyewe kwamba kwetu kuku hagawiwi, anatawazwa. Paja nene na firigisi ni za mgeni rasmi, na kwa mtu wa Kakamega firigisi ukiisahau ni kesi. Paja la pili ni la mwenyeji. Kidari kinakwenda kwa wanaume wenye sauti kikaoni. Mgongo unabaki jikoni. Vipapatio na shingo anapewa mdogo wa ua, ambaye ni mimi. Kipapatio ni chembamba, moto unakishika pande zote mbili. Changu kilikuwa kimekauka mpaka mfupa ulivunjika kwa jino. Paja ni nene, mfupa wake uko ndani, na joto hufika huko mwisho kabisa, tena likikuta barafu njiani linachelewa zaidi. Kwa hiyo ugonjwa ulipokuja ulifuata itifaki.

Alfajiri ya Jumapili taa ya choo cha mwalimu iliwaka na haikuzimwa tena. Alikuwa mgeni rasmi. Jumapili usiku akafuata mhasibu, Jumatatu mwenyeji wetu. Jumanne akaanguka fundi mwenyewe, ambaye mpaka saa hiyo alikuwa akizunguka uani akitoa ushahidi kwamba yeye alikula vipande vitatu na yu mzima.

Kikao kikaitishwa jioni hiyo, wagonjwa wamepewa viti vya karibu na mlango. Mshtakiwa wa kwanza alikuwa akabanga. Haya ni mafuta ya pilipili ya hapa, huja kwenye kichupa cha kudondoshea, na matone mawili yanatosha kumfanya Mtanga amkumbuke mama yake. Akaachiwa, kwa kuwa watu wa hapa wanayatia kwenye kila kitu na bado wapo. Wa pili alikuwa ikivuguto, maziwa ya mgando ambayo mwenyeji hunywa kila Jumapili akitoka kanisani. Wa tatu ni burusheti, yaani mishikaki, za mbuzi alizokula fundi Jumatatu. Hizo zilikaribia kufungwa. Kuku alitetewa na mzee wa Kakamega kwa sauti dhaifu lakini yenye mamlaka: katika umri wake wote amekula kuku wa harusi, wa matanga na wa mahari, na hajawahi hata siku moja kugeukwa na kuku. Kisha fundi akatoa hoja iliyofunga kesi. Mhasibu hajagusa nyama, na mhasibu ndiye anayehara kuliko sote. Basi kuku ana kosa gani? Watu walipiga makofi, wawili wakatoka mbio.

Asubuhi tuliwapeleka kituo cha afya, kadi za mituweli, bima ya afya ya hapa, mkononi kwa waliokuwa nazo. Muuguzi alikuwa binti mdogo, mtulivu. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: kachumbari mlikatia wapi?

Kibao kilikuwa kimoja, Shangazi. Kuku mbichi alikatwa juu yake, kikapanguswa kwa kitambaa, nyanya na vitunguu vikafuata. Hata sinia lililopeleka kuku mbichi motoni ndilo lililomrudisha mezani. Kuku hata akiungua anapata nafasi ya kujitakasa; nyanya ya kachumbari haipiti motoni, inapokea kila ilichoachiwa na kuingia nacho kinywani. Mhasibu alipoelezwa alinyamaza muda mrefu. Nadhani kuhara hakukumuuma kama kujua kwamba, kwa namna fulani, amekula kuku.

Muuguzi akatufundisha na hesabu ya siku. Vijidudu vinavyosumbua sana kwenye kuku ni salmonela na kampilobakta, na kuku mwenyewe huishi navyo utumboni akidonoa kwa raha zake. Salmonela inaweza kumwangusha mtu saa 6 tu baada ya kula, au ikangoja mpaka siku 6. Kampilobakta kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 5. Ndiyo maana watu wa sinia moja wanaanguka siku mbalimbali, na ndiyo maana mlo wa mwisho, ambao ndio sote hukimbilia kuukamata, mara nyingi unafungwa bila kosa. Burusheti za Jumatatu zilistahili kuombwa radhi.

Mzee alitaka sindano. Kwake yeye, hospitali isiyodunga ni ofisi. Akapewa pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji, akaambiwa anywe kidogokidogo, na kwamba dawa za kuua vijidudu wamewekewa wenye damu kwenye choo, homa kali au mwili dhaifu. Alizitazama zile pakiti kwa dharau, akanywa, Ijumaa akawa anadai ugali. Nyumbani mkikosa pakiti, mnajua: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari visivyo na mlima, nusu kijiko cha chumvi. Ila mtoto mchanga, mjamzito na mzee asiyekojoa tangu asubuhi hao si wa kungojea kwa chumvichumvi ya nyumbani, wapelekwe.

Msinione natania tu. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kichafu, na 420,000 hufa, karibu theluthi yao watoto wa chini ya miaka 5. Afrika pekee ilihesabiwa wagonjwa zaidi ya milioni 91. Sisi hayo huyaita “tumbo limechafuka”, tukamaliza.

Mwalimu, kwa kuwa ni mwalimu, aliuliza habari za rangi. Hapo nilijifunza jambo. Kuku wa kizungu huchinjwa akiwa na wiki 6 hivi, mifupa bado michanga, na rangi ya uboho huvujia nyama ya jirani, hasa aliyegandishwa. Kwa hiyo wekundu ulioshika mfupa unaweza kukutisha bure kwa kuku aliyeiva, na weupe wa juu unaweza kukudanganya kwa kuku mbichi. Cha kuaminika ni kipimajoto cha nyama, kinachomwa katikati ya paja bila kugusa mfupa. Wamarekani wanataka nyuzi 74; Shirika la Afya Duniani linasema angalau 70. Mwalimu amenunua kimoja. Mzee alipokiona aliuliza kama ni akili kumpima homa marehemu.

Na kuna hili la milima, ambalo huko pwani hamwezi kulijua. Maji ya Tanga yanachemka kwenye nyuzi 100. Kigali iko mita 1,500 na ushei juu ya bahari, na kila mita 300 unazopanda zinapunguza karibu nyuzi moja, kwa hiyo sufuria yetu inatokota kwa vurugu zote hizo ikiwa nyuzi 95 tu. Hizo zinatosha kuua vijidudu, lakini kuku wa kienyeji na maharage havina haraka. Ile saa ya Shangazi ya kupikia mchuzi, niliyokuja nayo kichwani, hapa Kagugu inatoa kuku anayerudishia meno. Nikiwaandikia kwamba nimepika kwa saa 2 msidhani nimesinzia.

Shangazi, shika kiti. Mwaka 2014 wakala wa viwango vya chakula wa Uingereza uliwaomba watu waache kabisa kuosha kuku mbichi, kwa sababu matone ya bomba yanaruka zaidi ya nusu mita na kusambaza kampilobakta kwenye vyombo, kuta na kanga ya mpishi. Najua. Nyumba isiyoosha kuku kwa ndimu na chumvi kwetu haiozeshwi. Sitaki kuivunja ndoa ya mtu. Ombi langu ni dogo: oshea ndani ya beseni kwa mkono mpole, bomba lisifunguliwe juu ya kuku, maji yamwagwe mbali na vyombo, beseni na mikono vipigwe sabuni. Ndimu, kwa taarifa, inaondoa harufu. Vijidudu inavisalimia tu.

Jambo moja la kuwasifu wenyeji wangu. Mgeni yeyote anayefika Kigali atalalamika kwamba ukiagiza kuku baa unangoja saa nzima, pengine na nusu, na mhudumu akipita anatabasamu tu. Zamani nililalamika pamoja na wageni hao. Siku hizi mtu akianza kumgongea mhudumu glasi namshika mkono. Kuku anayefika mezani baada ya dakika 10 ama alipikwa jana, ama hajapikwa.

Turudi kwenye harusi. Kuchemsha nusu Ijumaa na kumalizia Jumamosi ndiyo hatari yenyewe, kwa sababu kuku wa nusunusu analala usiku mzima kwenye sufuria vuguvugu, na joto la Tanga mnalijua, wakati vijidudu vilivyobaki vinazaana kwa nafasi. Mkitaka wapishi walale, wawachemshe Ijumaa mpaka waive kabisa, watandazwe kwenye masinia wapoe upesi, waingie kwenye friji ya kweli, na Jumamosi wapate moto mpaka wafuke. Kama friji za mtaa hazitoshi kuku 60, na najua hazitoshi, wapikwe asubuhi ileile. Waliogandishwa watolewe Alhamisi wayeyukie kwenye friji. Vibao viwe viwili, cha kuku na cha kachumbari, na anayeshika mbichi asigawe chakula.

Mchango wangu nimeutuma kwa simu leo, na nimeuongeza kidogo. Hiyo nyongeza ni ya kibao cha pili na kipimajoto, mweka hazina asiitie kwenye maua.