Ni za Kwaya

Jana jioni, katika kemisti iliyojaa watu, niliuliza kama wana kondomu zisizo na mafuta. Nimefunzwa kuitoa sauti tumboni imfikie mtazamaji wa kiti cha nyuma kabisa, na siku hizi sina nyingine.

"Za watu wangapi?" muuzaji akauliza.

"Kumi na wanane. Ni za kwaya."

Nyuma yangu mtu alikohoa. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu, ambako kila Jumapili mimi huimba soprano, amekumbatia dawa yake ya presha. "Bwana asifiwe, Mama," nikamwambia. Salamu hiyo ina jibu lake, na yeye ndiye aliyetufundisha kuijibu tukiwa watoto. Hakujibu.

Nikamweleza kwamba kwaya hiyo ni ya mchezo wa muziki mjini, na kwamba kondomu ni za maiki. Akasogea hatua moja kutoka kwangu.

Nami sikusema uongo! Maiki ya mwigizaji ni kidude kama punje ya mchele, hufichwa pale nywele zinapoanzia ili kisipishane na mdomo hata ukigeuza kichwa. Waya hupita chini ya wigi, hushuka kisogoni kwa gundi ya karatasi, hadi kwenye kijisanduku cha betri kiunoni kinachorusha sauti kwa mawimbi ya redio. Adui yake ni jasho. Likiingia kwenye punje, noti za juu hufifia na unasikika kama umefungiwa kabatini. Likifika kwenye kijisanduku, chumvi hula vyuma na umeme hupotea njia. Kwa hiyo fundi huacha waya uning'inie kidogo kabla ya kuingia, jasho lidondokee hapo, kisha kijisanduku hukivisha kondomu na kuifunga fundo. Mpira haupitishi maji, ila mawimbi hupenya bila shida. Yenye mafuta haifai: gundi hubanduka na gauni huingia madoa. Akili tupu! Kama yule mama angenipa dakika tano, angetoka pale ni fundi sauti.

Na jasho si adui pekee jukwaani. Wiki iliyopita zipu ya gauni ilifumuka nikiwa nazunguka, nikamalizia wimbo mgongo ukutani. Kabla ya hapo moshi wa jukwaani ulinikaba nikiwa ninakufa, nikakohoa maiti mzima.

Kukohoa hakulipwi. Kuimba pia, ukichunguza. Tunafanya mazoezi miezi kadhaa kwa ajili ya wikendi chache za maonyesho, na kila tukidai nauli mtayarishaji hututajia mwigizaji Leleti Khumalo, aliyeingia mchezo wa muziki wa *Sarafina!* akiwa msichana mdogo, ukafunguliwa Johannesburg mwaka 1987, na mwaka uliofuata akawa Broadway. "Utajulikana," anasema. Kondakta wa matatu ananijua vizuri, na bado hudai hela yake, tena maradufu saa nne usiku. Maiki hurudi nyumbani kwa gari, ndani ya sanduku lenye sponji. Ikiharibika nakatwa malipo. Mimi nikiharibika, kuna msichana kando ya jukwaa anayeijua nafasi yangu yote, pumzi hadi pumzi.

Tangazo la mchezo ujao limebandikwa leo. Wanatafuta msichana anayeimba, anayecheza dansi na kuigiza, mwenye usafiri wake mwenyewe.