Makala Ndefu, Senti Tatu

Ugomvi wa mgawo ni wa kawaida katika jumuiya za wanablogu wanaolipwa kwa kura. Wa wiki hii umetoka Igoma, Mwanza. Kijana mmoja aliandika makala ndefu kuhusu mwalo wa Kirumba akalipwa senti tatu. Mwenzake akaweka picha ya ugali wake, akalipwa dola arobaini. Muulizaji anataka kujua haki iko wapi. Kabla ya haki, ni vyema mshauri afahamike.

Mshauri wa safu hii anajulikana kuanzia Kamanga hadi Ukerewe kwa kuamua kesi ya kichwa cha sangara. Ndugu wawili walimjia wakiwa hawasemezani, wakaondoka wakimlaani kwa sauti moja. Kichwa kilibaki kwake, akakipika supu. Hajaletewa kesi nyingine tangu hapo, na yeye huchukulia kuwa amani imeenea.

Mfumo unaolalamikiwa ni wa aina ya Steemit, ulioanza Marekani mwaka 2016. Malipo hutoka katika kapu moja la sarafu za mtandaoni, kura za makala huhesabiwa kwa siku 7, na uzito wa kura hufuata sarafu alizozifungia mpiga kura. Wenye akiba kubwa huitwa nyangumi. Picha ya ugali, basi, haikushinda kwa ugali. Ilipitiwa na nyangumi, pengine mla ugali mwenyewe, maana kujipigia kura kunaruhusiwa. Zikaja pia roboti za kuuza kura. Agosti 2019 kanuni zikabadilishwa ili kupunguza ujanja huo: fungu la mwandishi likashuka kutoka asilimia 75 hadi 50, nusu ikaenda kwa wapiga kura, na kila mwanachama akapewa kura kadhaa za kushusha wenzake bila gharama. Ugomvi haukuisha. Mapema mwaka 2020 Justin Sun, mfanyabiashara wa sarafu za mtandaoni, aliinunua kampuni ya Steemit, na mwezi Machi wanachama wengi wakahamia Hive, mtandao mpya ambako sarafu za kampuni hiyo hazikuhesabiwa. Mshauri angeyazuia yote hayo kwa barua moja, lakini hakuna aliyemwandikia.

Jina la nyangumi, kwa maoni yake, halifai Mwanza. Capri Point hajaonekana nyangumi hata wa kupotea njia. Sangara angefaa zaidi: aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu hadi spishi nyingi zikatoweka, na bado anasifiwa kwa minofu.

Dawa aliyoigundua mshauri ni kuandika usiku wa giza tu, simu ikiwa imefungwa kwenye karabai, kwa kuwa dagaa hawafuati taa mwezi ukiwa mpevu na wasomaji hawawezi kuwa werevu kuliko dagaa. Wavuvi wa dagaa, hata hivyo, wana busara nyingine ambayo mshauri anaitaja kwa shingo upande kwa sababu si yake. Gharama za mafuta na chakula hutolewa kwanza, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na wavuvi, kwa mafungu yaliyokubaliwa kabla mtumbwi haujasukumwa majini. Mwenye chombo huchukua fungu nono, na manung'uniko hayakosekani; ila hakuna anayegundua kanuni asubuhi ufukweni.

Wanablogu wa Tanzania walipata kujua gharama zao mapema zaidi ya walivyotaka: kanuni za mwaka 2018 ziliwadai ada za leseni zilizozidi shilingi milioni 2 kabla ya kupata hata senti.

Nafasi imeliwa na tangazo la nyavu, hivyo jibu ni hili: kura zenye uzito wa akiba hulipa akiba kwanza, maandishi baadaye. Muulizaji asome mgawo kabla ya kuandika. Usipompendeza, makala ya Kirumba aipeleke kwa anayelipa kwa bei iliyotajwa. Ada ya ushauri ni kilo moja ya dagaa wakavu, wasio na mchanga.