Kwa Mheshimiwa Mhusika: Shukrani kwa Basi Lisilokuwepo

Kwa Mheshimiwa Mhusika wa Usafiri wa Umma,
Popote ulipo,
Kindu, Maniema.

Mheshimiwa,

Nisamehe kwa kukuandikia bila kukutaja jina. Nililitafuta. Karani wa kwanza alisema mhusika hayupo. Wa pili alisema mhusika ametoka sasa hivi, akanionyesha kiti chake, na kweli kilikuwa na vumbi la mtu aliyetoka sasa hivi tangu mwaka juzi. Wa tatu hakuwa karani, alikuwa mzee mwenye heshima zake akila karanga kivulini. Aliniuliza, "Mhusika wa nini, mama?" Nikamwambia wa usafiri wa umma. Akatafuna, akameza, akanyoosha kidole kwenye barabara iliyojaa baiskeli na pikipiki. "Umma ni ule pale," akasema. "Na unasafiri."

Mimi ni mzaliwa wa Kalemie, na leo nilikuwa ndani ya ndege iliyotua Kindu kushusha watu na kupakia wengine. Eskali ya dakika 40, tuliambiwa. Kisha rubani akateremka akatazama kitu chini ya bawa. Akakitazama tena. Akamwita mwenzake naye akitazame. Nimesafiri vya kutosha kujua kwamba wakifika wawili, dakika 40 zimekwisha. Tukatangaziwa kuwa tutaondoka saa nane. Abiria mmoja mwenye akili akauliza: saa nane ya wapi? Maana Kindu inafuata saa ya mashariki, na Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa nzima. Mtangazaji alitabasamu tu. Hapo nikajua nina saa tano za kungoja, au sita, kutegemea jua la nani limepewa ratiba.

Saa tano si kitu kidogo, Mheshimiwa. Kuna watu huko duniani wanafanya utalii kwa saa tano. Singapore, ukiwa na saa tano na nusu kabla ya ndege yako inayofuata, uwanja wenyewe unakupakia kwenye basi ukatembezwe mji bila malipo. Doha unashuka ngazi, unaingia metro iliyofunguliwa mwaka 2019, unabadilisha treni Msheireb, unaibukia Souq Waqif kati ya wauza viungo. Nairobi, asiye na fedha za teksi anajua basi namba 34. Dar es Salaam unatoka hadi Barabara ya Nyerere, unadandia daladala itokayo Gongo la Mboto, na foleni ikikuhurumia uko Kariakoo kabla kondakta na abiria wa mbele hawajamaliza ugomvi wa chenji.

Nikamwendea mlinzi wa getini nikamuuliza basi la mjini linapita wapi. "Basi?" akarudia, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa marehemu. Kisha akapiga mluzi, na kabla mluzi haujaisha pikipiki tatu zilikuwa mbele yangu.

Ndipo ninapoanza kukushukuru. Ungeweka basi, ningelingoja. Ungeweka kituo, ningetafuta kibao, nisome njia, nikosee. Ungeweka kadi, ningepanga foleni ya kununua kadi, kisha foleni ya kuijaza, kisha mtandao ungekatika. Wewe kwa hekima yako hukuweka chochote, na nikaondoka mara moja. Kijana aliyenichukua alinitazama viatu, akanitazama mkoba, akapanga nauli yake kulingana na vyote viwili. Nikaishusha. Akaguna. "Yaya, panda," akasema, na tangu hapo nikawa dada yake mkubwa, na dada mkubwa habebwi kama gunia. Mashimo yote aliyajua kwa majina. Kofia ya ajali alikuwa nayo moja, imening'inia kwenye usukani. Nilipouliza ni ya nani, alijibu bila kufikiri kwamba ni ya polisi. Akiwaona, anaivaa.

Njiani tulisimamishwa mara mbili, na hapo, Mheshimiwa, nikagundua kwamba hukutoweka kabisa. Kwenye kutoa huonekani, lakini kwenye kupokea una mikono mingi. Palikuwa na kamba iliyovuka barabara, kijana mwenye daftari la risiti ameketi pembeni, na risiti zenyewe zilikuwa za kitu ambacho yeye na mwenye pikipiki hawakukubaliana jina lake. Mmoja aliita kodi, mwingine akaita neno ambalo sitaliandika kwenye barua ya heshima. Ninachouliza ni hiki tu: kamba ile inapata wapi mafuta ya kufika kazini kila siku, na basi likakosa?

Nilimwomba kijana anipeleke kwanza kituo cha reli. Akashangaa. "Treni haipo, yaya." Nikamwambia najua, naenda kuona mahali isipokuwepo.

Kuna jambo ambalo pengine faili lako halikukueleza. Mji huu zamani uliitwa Kindu-Port-Empain. Empain huyo ni Édouard Empain, baroni wa Kibelgiji, na kampuni yake ndiyo iliyoendesha metro ya Paris, ile iliyofunguliwa Julai 1900. Mwaka 1902 ikazaliwa kampuni yake ya reli ya Kongo ya Juu hadi Maziwa Makuu. Baadaye kidogo akanunua jangwa nje ya Kairo, akajenga mji wa Heliopolis, akautia tramu. Kwa hiyo Paris, Heliopolis na Kindu ni watoto wa baba mmoja. Wa kwanza alirithi metro, wa pili tramu, na wa tatu akarithi jina la baba. Jina lenyewe tumeshalifuta, tena kwa haki.

Lakini kilichonishika pale kituoni si baroni. Ni sababu ya mji kuwa pale ulipo. Mtu aliyetoka Kisangani kwenda pwani hakuweza kufuata mto moja kwa moja, maana maporomoko yalimzuia. Alipanda treni hadi Ubundu, kilomita 125. Ubundu akapanda meli hadi Kindu. Juu ya Kindu mto unaharibika tena, mawe na maji makali, na ndiyo maana kufikia mwaka 1911 reli ya kilomita 355 ilikuwa imelazwa hadi Kongolo, kwa mikono ya watu ambao hakuna aliyewauliza kama wanataka kujenga reli. Kongolo meli tena hadi Kabalo. Kabalo treni hadi kwetu Kalemie, iliyofika mwaka 1915. Halafu ziwa, halafu Kigoma, halafu reli ya Wajerumani hadi Dar es Salaam. Kila hatua unashuka, unangoja, unapanda kingine. Kindu ilijengwa mahali ambapo chombo kimoja kinakoma na kingine hakijaondoka. Miji mingine ilizaliwa na dhahabu au na mfalme. Huu ulizaliwa na eskali. Na mimi, abiria wa eskali, nilikuwa nimesimama mbele ya mama wa mji huu.

Alikuwepo pale mama mmoja akiuza mikate ya kukaanga karibu na reli. Nikamuuliza treni inakuja lini. "Itakuja," akasema, kwa utulivu wa mtu anayezungumzia kiyama. Nikanunua mikate minne. Ilikuwa ya moto. Yule mama pekee ndiye aliyekuwa na ratiba leo.

Kutoka hapo nikabadilisha chombo, kwa kuheshimu mila za mji, nikapanda baiskeli. Wanaotoka upande wa Kisangani huiita toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite", na sijaona jina la kampuni ya usafiri lenye ahadi fupi na kweli kama hilo. Kiti cha nyuma kilikuwa na mto wa sponji. Mwenye baiskeli alikuwa amemaliza masomo ya chuo kikuu, aliniambia akipumua kwa shida kwenye kilima kidogo, na nikaona aibu ya uzito wangu. Alinionyesha soko, alinionyesha kanisa, alinionyesha nyumba za matofali za Wabelgiji na miembe iliyozizidi umri wa kuishi. Alisomea uchumi. Nilimuuliza kama anaweza kueleza uchumi wa toleka kwa kifupi. Akasema: mtaji ni miguu, na miguu haikopeshwi na benki.

Basi tukafika mtoni.

Mheshimiwa, sijui kama umewahi kuvuka Lualaba. Nadhani una gari, na gari halivuki kirahisi hapo, daraja hakuna. Daraja la reli liko mbali huko Kongolo. Mji wako umegawanyika: Kasuku na Mikelenge upande wa machweo, Alunguli upande wa macheo. Watu wa Alunguli wanavuka asubuhi kwenda kazini, shuleni, sokoni, hospitali, na wanarudi jioni. Mahali pengine huo ungekuwa mradi wa kufunguliwa na rais kwa utepe. Hapa ni mtumbwi.

Nilipanda na wanawake watano wenye mabeseni, wanafunzi wawili waliovua viatu kuvitunza, baiskeli moja, na mbuzi ambaye kwa maoni yangu alikuwa ameshavuka mara nyingi kuliko mimi, kwani hakuonyesha wasiwasi wowote. Mpiga kasia alihesabu watu kwa macho, akamwambia mmoja ahamie kushoto, mwingine asisimame, na mwanamke aliyekuwa akinyonyesha akae katikati. Hakukuwa na tangazo la usalama wala msichana wa kuonyesha mikono. Maji yalikuwa inchi chache chini ya kiwiko changu. Mto ni mpana, una rangi ya chai ya maziwa, na ukiwa katikati yake mji wote unanyamaza, hata pikipiki. Nimepanda feri ya Kigamboni na mabasi ya ghorofa, na sijapata kuona mji ukijifunua namna ile, polepole, kama mtu anayegeuza uso kukutazama.

Nikamkumbuka David Livingstone. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, juu ya mto huu huu, hapa hapa Maniema, akitaka mtumbwi wa kuvukia. Alingoja karibu miezi minne. Hakuupata. Miaka mitatu baadaye akaja Cameron, Mwingereza, naye akakosa mitumbwi, akashika njia ya nchi kavu. Mimi niliupata kwa dakika sita. Ninakupa sifa hizo zote, Mheshimiwa, kwa sababu mwenye mtumbwi hakutaka kupokea sifa, alitaka nauli.

Alunguli nilikula wali na sombe, yaani kisamvu, kwa mama mmoja mwenye meza mbili. Wali wa Maniema sihitaji kukueleza. Waungwana waliokuja na misafara kutoka pwani walileta mbegu na lugha hii ninayokuandikia, na pamoja na hivyo minyororo. Mbili za kwanza zimebaki. Nilipotaka kulipa, akaniuliza natoka wapi. Nikasema nimeshuka kwenye ndege, nangoja. "Aa, basi wewe ni mgeni wa njia," akasema, akaniongezea kipande cha samaki.

Nilirudi kwa mtumbwi na kwa pikipiki ya yule yule kijana, aliyekuwa amenisubiri kivulini bila kuombwa. Uwanjani nilikuwa na muda bado, nikaanza kutafuta kitu cha kusoma ukutani. Niliwahi kungoja ndege Roma, uwanja wa Fiumicino, na huko nilisimama mbele ya mnara wenye jina la Kindu. Umejengwa kwa ajili ya wanajeshi wa anga 13 wa Italia waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa. Walitua hapa tarehe 11 Novemba 1961 na ndege mbili za mizigo, wakaenda kula chakula cha mchana na wenzao wa Malaya, wakakamatwa na askari, wakauawa. Eskali yao haikuisha. Watu wanaopita Roma na masanduku yao wanalisoma jina la mji wako bila kujua uko wapi. Nami nimeujua uko wapi, lakini ukutani kwenu sikuona pa kusoma hata saa ya basi, hata mwelekeo wa mto.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na usiliogope. Siombi basi. Ukileta basi utaleta na meza tatu za risiti za kulilinda, na yule mchumi wa baiskeli atalipia zote. Naomba kibao kimoja pale mlangoni, cha mbao, kwa rangi ya mkono: mto kushoto au kulia, reli wapi, Alunguli ni kuvuka, na chini kabisa saa ya Kindu na saa ya Kinshasa, tuchague. Na ile kamba ya barabarani, ningeomba nayo iige basi, ikose kuwepo.

Ndege sasa inaondoka saa kumi, ya huku. Kabla ya kupanda nampa kijana wa pikipiki barua hii, kwa kuwa sikupata posta wala kiti chenye mtu. Amesema atampa mpiga kasia, ambaye humwona kila mtu mapema au baadaye. Nimelipia nauli yake: mtu mmoja, bila mzigo.

Wako katika kungoja,
Mgeni wa njia