Jinsi ya Kuitwa Bingwa wa Vipepeo Bila Kutoka Jasho

Unataka sifa ya bustani lakini mgongo hautaki kuinama? Karibu, umefika kwa mwenzako. Mmea wetu ni ule Wakalenjin wanaouita senetwet na Wakikuyu mwinu. Umeshauona kando ya barabara nyanda za juu: mashada ya manjano yamesimama wima kama mishumaa, na vitumba vyeusi kileleni. Ni wa kwetu hapa Afrika Mashariki, tena hudumu miaka. Kule Afrika Kusini sheria inauhesabu mmea vamizi, na watu wanahangaika kuung'oa. Sasa wewe utashindwaje kuuotesha?

1. Usinunue mche. Ukienda kumsalimia shemeji kijijini, chuma maganda makavu machache, yale bapa ya kahawia. Mbegu zake ni ngumu kama changarawe, kwa hiyo zimwagie maji ya moto na uziache zilale humo hadi asubuhi. Kazi ya mwaka mzima imekwisha. Hakikisha kuna mtu amekuona ukiifanya.

2. Panda karibu na geti, juani. Bustani ya nyuma ya nyumba ni ya watu wanaopenda maua. Wewe unapenda kuonekana. Mmea utafika urefu wa mita tatu hivi na kutanuka vilevile. Jirani akilalamika kwamba umepita ukuta, mwambie ndivyo ulivyopanga.

3. Sasa vipepeo, na hapa nisikilize vizuri. Wageni watadhani wamefuata utamu wa maua. Usiwasahihishe, lakini wewe ujue: maua haya hayana nekta. Yana chavua tu, na wanaoifuata ni wale nyuki weusi wanene wanaotoboa boriti, ambao hulitikisa ua kwa mngurumo hadi chavua imwagike. Kipepeo mweupe unayemwona akizungukazunguka, Catopsilia florella, anatafuta majani ya kutagia mayai. Baada ya siku chache utaona viwavi wa kijani, kisha utaona matundu, kisha hutaona majani.

Wachapakazi huharibikiwa papo hapo. Wanakimbilia agroveti, wanarudi na pampu ya mgongoni, wananyunyiza kwa hasira, halafu wanauliza vipepeo wamehamia wapi. Hata mimi mwaka mmoja nilipatwa na bidii ya ghafla. Nilibaki na majani ya kupendeza sana, na picha nyingi za majani.

Wewe kaa kitini. Majani yatachipua tena. Ukiulizwa juu ya matundu, tazama mbali kidogo, shusha sauti, useme: "Nimewaachia makusudi." Utaitwa mhifadhi wa mazingira kabla chai haijapoa.

4. Mgeni akianza kuchoka, mpe jani alifikiche na kunusa. Litanukia siagi ya karanga, naye atashangaa kana kwamba umelipika wewe. Akishanusa anawe mikono. Wala usijitie uganga ukamchemshia, kwani mmea huu una sumu, na mgeni anayeharisha hasifii bustani.

5. Kupogoa. Najua neno lenyewe limekuchosha, basi msubiri mzee wa Kikalenjin apite. Huyo vipepeo hatawatazama. Macho yake yatakuwa kwenye matawi, maana mkaa wa senetwet ndio unaosuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutiwa maziwa ya mursik. Atakohoa, ataulizia hali ya watoto, kisha ataomba kitawi kimoja tu.

"Kimoja, mzee wangu? Chukua hata kumi!" Mkabidhi panga, mwonyeshe upande uliozidi ukuta, nawe urudi kivulini.

Akikuletea kibuyu baadaye, kipokee kwa mikono miwili, na kabla hujakifungua msimulie ulivyohangaika kumwagilia.