Koti la Theluji, Mwezi wa Pili

Leo asubuhi nimekatiza katikati ya Mang'ula, jua la Februari likichoma utosi, nikiwa ndani ya koti la theluji lililofungwa hadi kidevuni. Si kwa hiari. Zipu imegoma.

Mama watoto alikuwa ametoa amri: masika yanakaribia, na kabla ya mtu kukanyaga gulioni, nguo za mvua zilizopo zitolewe, zijaribiwe, zijulikane zipi bado nguo na zipi ni matambara. Koti hilo, nene kama godoro la hosteli, lilikuwa chini kabisa ya sanduku. "Hebu funga tuone." Nikafunga. Limenikaa vizuri ajabu. Kulifungua ndiko kulikoshindikana. Tulipojaribu kulivulia kichwani likanasa masikioni, mikono ikabaki juu kama mtu aliyekamatwa.

Kwa fundi cherehani si mbali, ila lazima upite kijiwe cha bodaboda. Na hili ni bonde la Kilombero: pale Ifakara watafiti wameweka kambi tangu miaka ya 1950, malaria imechunguzwa mpaka kila mpita njia amekuwa daktari.

"Mzee, homa imepanda hiyo! Kaa nyuma nikuwahishe zahanati."

Nikasema ni zipu.

"Ameshaanza kuweweseka," mwenzake akasema, kwa huruma kabisa.

Mama muuza ndizi akanisogezea kigoda na maji ya kunywa. Nikanywa. Ningefanyaje?

Fundi hakucheka, na kwa hilo nitamheshimu daima. Alivaa miwani, akapiga magoti mbele yangu, akaanza somo. Meno ya zipu, kumbe, hayang'atani. Kila jino lina kinundu upande mmoja na kishimo upande wa pili. Kinundu cha hili huingia kwenye kishimo cha jirani yake wa ng'ambo. Yakiwa yamenyooka, hata uyabane kwa nguvu zako zote, hayaingiani wala hayaachani. Kazi yote ni ya kile kichwa. Ndani yake mna njia mbili zinazokutana kuwa moja: kinapopanda hupindisha safu za meno kidogo tu, upenyo ukapatikana kati ya jino na jino, la ng'ambo likachomeka. Kikishuka, kabari iliyo katikati inazitenga safu. Aliyeiweka sawa ni Gideon Sundback, mhandisi mzaliwa wa Sweden aliyehamia Marekani, akapata hataza mwaka 1917, na hadi leo zipu haijabadilika sana. Nilisahau joto. Niliuliza maswali jasho likidondokea cherehani ya watu. Kilichoniponza ni unyevu wetu wa chini ya milima ya Udzungwa: meno ya chuma yameota kutu, kichwa hakitelezi. Fundi akapaka mshumaa, akagusa kwa plaizi, kichwa kikashuka kama hakijawahi kunifedhehesha.

Nyumbani ukaguzi ukaendelea. Sweta lilikuwa limeota kuvu. Mwamvuli unafunguka upande mmoja. Kwenye gamubuti panya amezalia.

Lakini koti la theluji lilifikaje Mang'ula? Kwa robota la mitumba, kama karibu kila tunachovaa. Mchuuzi hulinunua limefungwa, kwa kawaida kilo 45, na haoni kilichomo mpaka alipe. Akikuta makoti ya theluji, hasara ni yake; aliyeyatoa kule Ulaya amekwishapata nafasi kabatini na sifa ya ukarimu juu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuachana na mitumba hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kutufungia mlango wa AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, wengi tukanywea. Rwanda ikakaza, na 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha huo wa ushuru. Na sisi si kwamba hatuna pamba. Ya Shinyanga na Simiyu, sehemu kubwa, inauzwa nje ikiwa ghafi. Wenzetu wanaishona, wanaivaa, wanaichoka, halafu tunainunua kwa bei ya kubishania juani. Hapo mimi sicheki.

Gulioni tutakwenda, na tutainamia mitumba ileile, maana mfuko ndio unaoamua.

Koti linauzwa. Zipu inafunguka, fundi ni shahidi. Mwenye safari ya Njombe au Makete, kwenye baridi ya kweli, aje aliangalie. Nauli ya bodaboda kutoka stesheni ya TAZARA nitalipa mimi.